Mnazi Wako, Mtanga wa Mwingine

Simama kando ya barabara yoyote kisiwani Mombasa usikilize makanga wa matatu. Wanaita miti. Mwembe Tayari! Ukiuliza mitaa ya karibu utaambiwa Mwembe Kuku, ama Mwembe Tanganyika. Sasa shuka Mwembe Tayari uutafute huo mwembe. Utapata viatu vya mtumba, ofisi za mabasi ya Nairobi, mama wa mahamri, na dereva wa tuktuk anayekupigia honi kwa sababu umesimama njiani unatazama juu. Wazee waliotoa majina haya hawakuwa wakitunga shairi. Walikuwa wanaelekezana njia, na mti ulitumika kwa sababu mti ulikuwepo.

Kisiwa chote ni kama kilomita 14 za mraba tu. Hadi mwisho wa karne ya 19 mji ulikuwa umebanana upande wa mashariki, huku tunakokuita Mji wa Kale, ukitazama bandari ya majahazi. Nyuma yake, kuelekea Kilindini, kulikuwa na mashamba na vichaka: miembe, minazi, mibuyu, muhogo katikati. Nilipoanza kusoma historia ya ardhi ya Pwani (kusoma kwangu mwenyewe, chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna wa kunipa alama) nilikuwa nataka kujua jambo moja dogo. Ule udongo ulipatwa na nini? Vitabu vimejaa hati, kesi, masultani, makamishna na maskwota. Udongo wenyewe hautajwi sana, kana kwamba watu miaka yote hii walikuwa wanapigania karatasi.

Na udongo wetu si wa kusahauliwa, kwa sababu ni mchache. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ukipiga jembe sehemu nyingi, hufiki mbali kabla ya kusikia ngo! Mwamba huo huo ndio uliochongwa Ngome ya Yesu tangu Wareno walipoianza mwaka 1593, na ndio uliojenga kuta za nyumba za Mji wa Kale. Kilicho juu yake ni mtanga, kama tunavyouita mchanga kwa Kimvita, na mahali pengine udongo mwekundu. Mvua ikinyesha haitiririki sana. Inazama, na inazama na rutuba yake. Udongo wa namna hii haujilishi wenyewe. Unalishwa na kinachoanguka juu yake na kinachofukiwa ndani yake: majani, makuti yaliyooza, makumbi ya nazi, samadi ya mbuzi, majivu ya jikoni. Na juu ya yote unataka kivuli. Ondoa miti, panda mahindi mwaka huu na mwaka kesho na mwaka wa tatu, halafu uje uniambie umevuna nini.

Sasa fikiria mnazi. Ile minazi mirefu ya asili huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa vizuri, kisha huendelea kuzaa kwa miaka sitini na zaidi. Hakuna mtu anayepanda mnazi kwa ajili ya Ramadhani ijayo. Anayepanda mnazi ameshaamua kwamba miaka saba ijayo atakuwa hapo hapo, na kwamba hakuna atakayekuja kumwambia ondoka. Ndiyo maana nasema historia ya rutuba ya ukanda huu imo ndani ya sheria zake za ardhi, hata pale ambapo sheria hizo hazitaji udongo kwa neno hata moja.

Zamani watu wa Pwani walikuwa na mawazo yao kuhusu jambo hili, na hayafanani na yale tuliyoletewa. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, ardhi iliyokufa, yaani isiyolimwa wala kumilikiwa, huwa ya yule anayeihuisha. Kufyeka, kulima, kuchimba kisima na kupanda ndiko kulikompa mtu haki. Jirani zetu Wamijikenda nao walikuwa na utaratibu unaokaribiana na huo: ukoo uliofyeka msitu ndio wenye mahali pale. Halafu lilikuwepo jambo linalowatatiza mawakili hadi leo, kwamba mti ungeweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu aliweza kuuza minazi kumi bila kuuza shamba. Aliweza kuiweka rehani, mkopeshaji akawa anagema tembo au kuangua nazi mpaka deni liishe. David Parkin, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wagiriama kule Kaloleni ya bara, aliandika kitabu kizima mwaka 1972 kuhusu minazi, tembo na mashahidi, kwa sababu kesi za huko zilikuwa kesi za miti.

Kwa hiyo kutenganisha mti na mchanga hakukuletwa na Mzungu. Kulikuwepo. Lakini tazama kulikuwa kunamfaa nani. Kulimfaa mpandaji. Ukipanda, umeweka mguu, na mwenye ardhi hawezi kuujifanyia haujui.

Sitaki nipambe mambo. Mashamba makubwa ya Malindi, Takaungu na ya pembeni mwa Mombasa katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na mtumwa hakuweka mguu popote. Minazi na miembe aliyoipanda ilikuwa ya bwana wake. Anayekusimulia habari za mashamba yenye neema ya enzi za Sultani bila kutaja hilo, muulize nani alikuwa ameshika jembe.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwaachia Waingereza kuutawala ukanda wa pwani wa maili kumi, kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, lakini ofisi zikawa za wengine. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria. Mwaka mmoja baadaye, 1908, ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, na kwangu mimi hapa ndipo mambo yalipopinduka.

Sheria ile ilisema hivi kwa ufupi: kila mwenye kudai ardhi ndani ya ukanda ajitokeze katika muda uliotangazwa, alete madai na mashahidi mbele ya msajili wa hati. Atakayethibitisha apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu iwe ya Taji la Uingereza. Vyeti vilikuwa vya aina tatu: cha umiliki, cha rehani, na cha maslahi. Ukiisoma unaona kwamba waandishi wake hawakuwa wajinga. Walijua kwamba Pwani mtu anaweza kuwa na nyumba au miti juu ya ardhi isiyo yake, na wakatengeneza mahali pa kuandika hilo. Shida haikuwa kwenye karatasi, ilikuwa nani alifika nayo ofisini. Aliyekaa mjini, mwenye kujua kadhi na karani, mwenye hati ya mauziano kwa Kiarabu, alifika. Mtumwa aliyeachwa huru juzi hakufika. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima ndani ya ukanda walihesabiwa kuwa watu wa kule juu, wa hifadhi za wenyeji, hata kama babu zao walizikwa hapo. Na huko juu nako hawakuachwa watulie. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama wakatae kazi na kodi za serikali, Waingereza waliwafukuza wale waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kwenye udongo mzuri uliokuwa ukitoa nafaka ya kuuzwa.

Mchezo ulipoisha, ukanda ulikuwa na tabaka dogo lenye vyeti na umati mkubwa usio navyo, na wote wakiwa juu ya ardhi ile ile. Umati huo ukapewa jina: maskwota. Frederick Cooper aliandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1980, na jina la kitabu linaeleza safari yenyewe, kutoka utumwani hadi uskwota.

Skwota aliruhusiwa kulima. Mwenye cheti alihitaji mtu wa kuzuia shamba lisirudi kichaka, na pengine alipata chochote cha mavuno au kodi ndogo. Lakini kulikuwa na sharti moja lililosambaa kuanzia Malindi hadi Kwale: panda mahindi, panda muhogo, panda kunde, ila usipande mti wa kudumu. Usiguse mnazi, mkorosho wala mwembe. Sababu ni ile desturi ya zamani. Mwenye cheti alijua vizuri kwamba skwota akiwa na minazi iliyozaa ana neno la kusema mbele ya kadhi, mbele ya wazee, pengine hata mbele ya hakimu Mzungu, na kumwondoa kutahitaji fidia. Kwa hiyo akaikata desturi kwenye mzizi. Kilichokuwa kinga ya mpandaji kikawa sababu ya kumkataza kupanda.

Matokeo yake udongo unayajua, hata kama hayajaandikwa popote. Shamba la mtu ambaye haruhusiwi kuweka mti ni shamba la mimea ya msimu tu, msimu baada ya msimu, juu ya mtanga unaovuja. Kwa nini abebe samadi? Kwa nini achimbe shimo afukie makumbi, wakati rutuba atakayoitia itakuwa ya mwingine mwaka anaoambiwa ahame? Na mwenye cheti naye, anayeishi mjini au aliyehamia nchi nyingine kabisa, hana haja na udongo. Yeye anangoja bei ya kiwanja. Hapo hakuna mvivu wala mpumbavu. Kila mtu alifanya hesabu yake sawasawa, na jumla yake ikawa ardhi iliyochoka.

Kisiwani mambo yalikuwa hivyo hivyo, kwa umbo la nyumba. Mji ulipopasuka kutoka Mji wa Kale, mashamba ya nyuma yakageuzwa viwanja: Majengo, Mwembe Tayari, Bondeni, King'orani. Wenye ardhi waliona faida kukodisha vipande vya kujengea, na waliojenga walikuwa watu wa bandarini, mafundi, akina mama wauza vitumbua. Nyumba ikawa yako na ardhi ikawa ya mwenyewe. Huku tunaita nyumba bila ardhi, na hadi leo matangazo ya kuuza nyumba za namna hiyo yanabandikwa ukutani bila mtu kushangaa. Unamlipa landlodi kodi ya ardhi kila mwezi, mara nyingi bila mkataba wowote wa maana. Anaweza kukupa notisi, nawe ubomoe uondoke na mabati yako.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya hivyo Majengo, vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Uani palikuwa na kipande cha mtanga kama mikeka miwili. Pale alikuwa na mchicha, mrehani, na mkilungwana wa kikuti kimoja cha kutisha mbu, basi. Nilipokuwa mdogo nilichukua kijimche cha ndimu kutoka kwa rafiki yangu nikakichomeka pembeni ya karo. Kikashika. Siku alipokiona aliniambia taratibu, hata hakupaza sauti: "Mwanangu, hiyo ndimu itoe. Yule akija kuchukua kodi akaiona, atasema twataka kumla mtanga wake." Tukaihamishia kwenye debe la mafuta ya kupikia. Yule mwenye ardhi sikuwahi kumwona, alikuwa akimtuma kijana na daftari. Ndimu ilikaa kwenye debe miaka mingi, ikatoa maua, matunda haikutoa. Nilidhani kila mtu duniani anafuga miti kwenye madebe.

Ni ajabu kwamba katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa inapiga kelele sana kuhusu udongo. Kuanzia miaka ya 1930, baada ya vumbi la Marekani kuwatia hofu watu wa dunia nzima, maofisa wa Nairobi hawakulala kwa mmomonyoko. Ukambani walitaka kupunguza ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwenda Nairobi kupinga. Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1940, wanawake walikataa kuchimba matuta ya lazima. Mwaka 1955 ikatungwa Sheria ya Kilimo iliyompa waziri nguvu za kutoa kanuni za kuhifadhi ardhi. Baada ya uhuru, mwaka 1965, zikatoka kanuni za matumizi ya msingi ya ardhi: usilime mteremko uliozidi asilimia 35, usilime ukingoni mwa mto, na mteremko wa kati uuwekee makinga.

Kanuni nzuri, sina ubaya nazo. Ila zisome ukiwa umesimama Likoni au Kisauni. Mteremko uko wapi? Sheria nzima imeandikwa na mtu aliyekuwa akitazama milima. Kwake udongo ni kitu kinachoporomoka, na dawa yake ni matuta. Udongo wa Pwani hauporomoki, unachoka pale pale ulipo, tambarare, bila kumtisha ofisa anayepita na gari. Tena uchovu wake hautibiwi kwa tuta. Unatibiwa kwa mti na samadi na miaka, yaani vile vitu vitatu ambavyo skwota alikatazwa au hakuwa na sababu ya kuvitoa. Sheria moja ya kuhifadhi udongo na sheria nyingine ya hati zilikuwa zinafanya kazi katika nchi moja bila kusalimiana.

Hapa ndipo swali la majimbo linapoingia, na najua baadhi yenu mmeanza kukunja uso, kwa sababu nchini Kenya neno majimbo limeshabebeshwa damu. Lakini mwanzoni lilikuwa pia swali la udongo: nani aandike sheria ya shamba, mtu anayeliona au mtu aliye mbali?

Uhuru ulipokaribia, Pwani ilikuwa na zaidi ya jawabu moja. Kulikuwa na watu wa Mwambao waliotaka ukanda wa maili kumi ujitawale au urudi kwa Sultani. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na ripoti yake ya 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Kulikuwa na Ronald Ngala na chama chake cha KADU, waliotaka Kenya moja yenye majimbo yenye nguvu. Katiba ya 1963 ikawapa: majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake, na ardhi iliyokuwa ya serikali ndani ya jimbo ikakabidhiwa jimbo. Oktoba mwaka huo huo Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakabadilishana barua. Zinasifiwa kwa kulinda kadhi na uhuru wa dini. Watu husahau kipengele cha ardhi: hati za kumiliki zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa, na mwenye hati hatanyang'anywa ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia kamili. Kwa maneno mengine, matunda ya mwaka 1908 yalipakiwa yakavushwa salama hadi ndani ya uhuru. Skwota hakuwa na barua.

Majimbo yenyewe hayakufika mbali. Novemba 1964 KADU ikajivunja na kujiunga na KANU, Desemba 12 nchi ikawa jamhuri, na majimbo yakabaki mikoa inayotawaliwa kutoka Nairobi. Mwaka mmoja. Huwezi hata kupanda mpapai ukaujua vizuri kwa mwaka mmoja. Hatutajua kama bunge la Pwani lingewahi kuandika sheria inayomruhusu mlimaji kuweka mnazi. Pengine lisingeandika. Wenye hati walikuwa na viti pia, tusijidanganye.

Tunaweza kutazama wenzetu, lakini. Zanzibar, baada ya mapinduzi ya 1964, ilitaifisha ardhi na kugawa eka tatu tatu, na ndani ya Muungano wa Tanzania ardhi si jambo la Muungano: visiwa vina sheria zao, bara ina zake za 1999. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi. Hiyo ni nchi ya shirikisho hasa tangu katiba ya 1995. Ardhi ni ya dola na ya watu, haiuzwi, na kila jimbo linaandika sheria yake ya ardhi ya vijijini chini ya sheria mama ya shirikisho. Sheria mama ya 2005 ilisema kitu ambacho sijakiona katika hati yoyote ya Pwani: mwenye kutumia ardhi ana wajibu wa kuitunza, na akiiacha iharibike anaweza kupoteza haki yake. Haki na utunzaji vimefungwa kamba moja. Jimbo la Tigray lilitangulia, likaanza kuwapa wakulima vyeti rahisi vya mashamba yao mwishoni mwa miaka ya 1990, na watafiti waliofuatilia walikuta wenye vyeti wakipanda miti zaidi na kutunza vizuri zaidi makinga ya mawe. Siyo pepo. Serikali yenye ardhi yote ina meno yake, na Tigray imepitia vita tangu hapo. Lakini ile hesabu ya mnazi, ya kwamba mtu hupanda akijua atakuwepo, huko ilipimwa na ikatoka sawa.

Sisi tumerudi nusu njia. Katiba ya Agosti 2010 haikutupa shirikisho, ilitupa ugatuzi. Ukifungua Jedwali la Nne utaona mgawanyo: sera ya kilimo ni ya taifa, kilimo chenyewe ni cha kaunti, na kaunti ndiyo itekeleze sera za taifa za mazingira, ikiwemo kuhifadhi udongo na maji. Neno udongo lipo. Nililipigia mstari kwa furaha. Kisha ukigeukia sura ya ardhi, unakuta sehemu ya ardhi ya umma imewekwa mikononi mwa kaunti kama mdhamini lakini inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi, na usajili wa hati ni kazi ya Nairobi. Yaani kaunti imepewa udongo bila kupewa ardhi. Nyanya yangu angecheka mpaka mtandio uanguke. Ni nyumba bila ardhi, ila safari hii mpangaji ni serikali.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilifutwa mwaka 2012, ilipokuja Sheria ya Usajili wa Ardhi. Vyeti vilivyotokana nayo havikufutwa. Na kazi ya udongo inayoonekana zaidi katika Kaunti ya Mombasa, kwa mtu anayeingia kisiwani kwa gari, ni Kibarani, pale lilipofungwa jaa la taka: udongo uliletwa na malori ukamwagwa juu ya takataka, nyasi zikapandwa. Pamependeza, watu wanapiga picha. Nimepita pale mara nyingi nikijiuliza ule udongo ulichimbwa shamba la nani.

Mwaka jana nilivuka feri kwenda Likoni, kwenye lile shamba maarufu kwa jina la Waitiki, ekari 930, ambalo watu waliingia tangu ghasia za 1997 na serikali ikalinunua ili kuwapa hati Januari 2016, kwa makubaliano kwamba wailipe gharama yake kidogo kidogo. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia habari za hati. Mama mmoja aliyenikaribisha hakutaka kuzungumzia hati, alisema deni halijaisha na hana la kuongeza. Alitaka nimshikie kamba. Nyuma ya nyumba alikuwa amechimba mashimo manne, ameyatia makumbi chini na samadi ya mbuzi juu, na miche ya minazi ilikuwa imeegemezwa ukutani kivulini. Tulipima hatua tisa kutoka shimo hadi shimo. Shimo la nne lilikuwa karibu mno na bikoni ya mpaka, akalitazama sana, akatazama kwa jirani. "Hapa nazi zitamwangukia yeye," akasema, "halafu mwanawe aje kusema mnazi ni wao." Akachukua jembe akaanza kuchimba la tano, hatua mbili ndani.